Herufi Moja ya Kalamu Nyekundu

Mwanangu, siku ile naikumbuka mpaka kitenge nilichokuwa nimevaa. Wageni walitoka Natta kuja kwetu Nyarero kupanga harusi yangu, na mimi kwa furaha hata kukaa sikuweza! Baba yangu, mwalimu mstaafu, akawaambia wasubiri kwanza nimalize mwaka wangu wa mwisho chuoni.

Weee! Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Nikamfokea baba mbele ya wakwe, kwamba ana roho mbaya, anataka nizeekee kwake nikimtekea maji. Ona aibu hiyo. Baba alichukua fimbo yake akaenda zizini. Mshenga akasema waziwazi kuwa wao hawachukui binti anayeondoka bila radhi ya baba yake.

Kesho yake nilitamani ardhi ipasuke. Kumtazama baba usoni nilishindwa, kwa hiyo nikachana karatasi ya daftari nikaandika: "Baba, nimekosa. Naomba radi yako." Sisi wa huku, unajua, dh inatusumbua, tunaandika kama tunavyotamka. Nikampa mama apeleke.

Mwanangu, karatasi ilirudi imesahihishwa kwa kalamu nyekundu! Neno radi limezungushiwa duara, h imechomekwa kati ya d na i, na chini baba ameandika: "Radi nilishaipata jana. Radhi hii hapa, njoo uichukue."

Nilicheka huku nalia, nikakimbia hadi zizini, nikapiga magoti. Akaniwekea mkono kichwani. Halafu, mwalimu ni mwalimu tu, akaanza somo. Alisema maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu. Moja ni ngurumo ya mawinguni, ndiyo maana mtu akiporomosha maneno makali tunasema ameshusha radi. Jingine ni moyo ulioridhika. Basi chuo nilimaliza, na Natta nikaolewa mwaka uliofuata.

Nyinyi siku hizi radi mnazishusha kwenye simu, tena kwenye kundi la familia, mashangazi wote wanasoma! Ukikasirika, mwanangu, weka simu chini, toka nje, katazame hata ng'ombe. Na ukishamkosea mtu, nenda kamwombe msamaha mapema, hata kama mwandiko wako ni mbovu. Mungu akutangulie, ukae vizuri na watu popote utakapofika. Radhi yangu unayo, na h yake imo.