Siku Mtandao Ulipokatika Maktabani

Serafina alizaliwa Sanje, katika nyumba ambayo kipigo hakikukosekana. Baba yake akiwa hajalewa hakuwa na maneno mengi. Akishakunywa alimpiga mama yao, Luciana, kwa chochote kilichokuwa karibu: mwiko, mkanda, na siku moja mpini wa jembe uliomvunja mkono. Siku kama hizo Serafina alimvuta mdogo wake Vitus nyuma ya magunia ya mpunga na kumziba masikio kwa viganja. Baba alipokufa, aliyelia pale nyumbani ni Luciana peke yake.

Serafina alipomaliza shule alikwenda Bagamoyo kusomea ukutubi, kisha akapata kazi Ifakara, katika maktaba ya chuo kimoja cha uuguzi huko Lumemo. Vitus akamfuata. Alikaa kwa dada yake, akala kwake, mpaka akapata pikipiki ya mtu ya kuendesha na kujiunga na kijiwe cha bodaboda kilichotazamana na geti la chuo.

Mwaka ule chuo kilikuwa kimepata mfumo mpya wa maktaba, wa kompyuta, na kila kitabu kilitakiwa kiingizwe upya. Hakukuwa na haja ya kuandika taarifa zote kwa mkono. Serafina alichukua kitabu, akapitisha skana, kifaa cha kusoma namba, kwenye namba iliyo nyuma ya jalada, na mfumo ukaenda kutafuta katika katalogi za maktaba kubwa za mbali. Zikija rekodi za taarifa za kitabu hicho, alichagua moja na kuivuta iingie kwao. Kitabu kimoja, rekodi moja. Ilikuwa kazi ya macho. Jina moja la kitabu lingeweza kuja na matoleo matatu, na mwanafunzi anayesoma kipimo cha dawa kwenye toleo la zamani anaweza kuua mgonjwa. Kwa hiyo alifungua kila kitabu, akalinganisha mwaka, toleo na mchapishaji, ndipo akabonyeza. Aliipenda kazi hiyo.

Jumanne moja asubuhi mtandao ulikatika. Akampigia simu Fridolin, fundi wa Mkula aliyewafungia mitambo ya intaneti juu ya paa. Fridolin alikuja na pikipiki yake nyekundu, akaiegesha kando ya ukuta wa maktaba pamoja na nyingine za vijana wa kijiwe.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, fundi. Nimekwama katikati ya kitabu."

Alipanda juu, akakaa kidogo, akashuka akijifuta vumbi. "Panya wametafuna waya. Naenda mjini kuchukua mwingine, nakuja sasa hivi."

Alitoka, akakalia pikipiki nyekundu, akazungusha ufunguo, ikawaka. Haikuwa yake. Pikipiki hizi za kichina zinafanana, na ufunguo uliochakaa wa moja huweza kuwasha nyingine. Mwenye pikipiki, Beatus, alikuwa kijiweni ng'ambo ya barabara, akaiona inaondoka na mtu mwingine. Akapiga kelele za mwizi.

Vijana wa kijiwe walimfukuza, wakamfikia kabla hajaingia mjini. Fridolin alipoona amezingirwa alisimama na kuuliza kuna nini. Jibu lilikuwa ngumi iliyomng'oa meno ya mbele. Akaiacha pikipiki, akapenya katikati yao, akakimbilia mahali pekee pa karibu alipokuwa na mtu anayemjua.

Serafina alimwona akiingia huku shati limelowa damu. Alianguka kati ya meza. "Wanasema nimeiba," alisema, na maneno yalitoka na mapovu.

Serafina alichungulia nje. Pikipiki ya fundi ilikuwa bado ukutani. Akaelewa. Aliwatoa wanafunzi wawili kwa mlango wa nyuma, akavuta geti la nondo la mlango wa mbele, akalifunga kwa kufuli, akapiga simu polisi. Kisha akasimama nyuma ya geti, na watu wakafika. Mbele kabisa alikuwa Vitus, ameshika kipande cha nondo.

"Dada, toka hapo."

"Pikipiki yake ile pale. Amekosea tu, zinafanana. Vitus, huyu ni fundi wetu, unamjua."

"Simjui. Mwezi jana wezi wamemchinja mwenzetu Sylvanus njia ya Mkula wakaondoka na pikipiki. Tumemzika sisi. Leo unatuambia habari za kufanana?"

"Nendeni mkaiangalie. Ni hatua chache tu."

Hakuna aliyegeuka. Jiwe lilitoka nyuma ya kundi, likapita kati ya nondo na kumpata Serafina kwenye jicho la kushoto. Kwanza hakusikia maumivu, alisikia joto, kisha akaanguka. Mtu alifunga kamba kwenye geti, ncha nyingine akaifunga kwenye pikipiki, na injini iliponguruma geti likang'oka na matofali yake. Wakamruka wakaingia.

Kwa jicho lililobaki aliwaona wakiangusha rafu kumtafuta Fridolin. Alimwona Vitus akiinua nondo. Pigo la kwanza lilivunja mkono ambao fundi alikuwa ameuinua kujikinga. La pili lilimpata kichwani. Wakamburuta kwa miguu juu ya vitabu mpaka uwanjani, na wengine waliokuwa hawajampiga wakapata nafasi. Mmoja alileta petroli kwenye chupa ya maji, akammwagia.

Wakati huo Beatus alikuwa amefika ukutani. Aliitazama pikipiki nyekundu iliyobaki pale, akatazama namba zake, akaanza kusema, "Subirini, jamani, subirini." Hakusikika. Kilichowazuia kuwasha kiberiti ni risasi za polisi zilizopigwa hewani. Watu wakatawanyika. Vitus alipokuwa akikimbia alimpita dada yake mlangoni, akamwona uso, akasimama. Kisha akaendelea kukimbia.

Fridolin alifia hospitalini, akamwacha mkewe Angelina na mimba. Serafina alitolewa jicho. Askari alipokuja kuchukua maelezo, Luciana alikuwa ameketi kando ya kitanda na kikapu chake cha uji.

"Uliwatambua?"

Serafina alitaja majina aliyoyajua. Kisha akasema, "Na Vitus, mdogo wangu. Alikuwa na nondo. Nilimwona akimpiga kichwani."

Luciana alisimama. Akamzaba binti yake kofi kwenye shavu lisilokuwa na bandeji, kwa mkono uleule uliowahi kuvunjwa na mpini. "Umemuua mwanangu," alisema. Akachukua kikapu akatoka. Askari aliinama akaendelea kuandika.

Mahakamani wakili wa Vitus alimuuliza Serafina angewezaje kuona, naye jicho limepasuka na damu imemjaa usoni.

"Niliona kwa lililobaki," alijibu.

Vitus alifungwa. Serafina alipotoka nje, mke wa mmoja wa washtakiwa alimtemea mate. Kwa miezi kadhaa nyumba yake ilirushiwa mawe, akalazimika kuweka wavu wa chuma madirishani.

Alirudi kazini; fundi mwingine alikuwa amesharudisha mtandao. Skana ilikuwa imepondwapondwa, hivyo aliandika namba za vitabu kwa vidole, uso karibu na kioo cha kompyuta. Mkuu wa chuo, bwana Eustaki, alitaka vitabu vyote vilivyoingia damu vitupwe. Serafina alivifuta vile vilivyofutika, akavitafutia rekodi, akaviingiza. Pikipiki ikinguruma nje, mara nyingine alivuta rekodi isiyo sahihi. Aliifuta akatafuta tena.

Ilichukua muda mrefu kabla hajakwenda gerezani kumwona mdogo wake. Vitus aliletwa upande wa pili wa wavu, amekonda.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Mama hajambo?"

"Nasikia hajambo. Mimi hanisemeshi."

Vitus alimtazama usoni, kisha akaangalia pembeni. "Jicho linauma?"

"Halipo la kuuma. Panauma pale lilipokuwa."

Halafu Vitus akasema taratibu, "Nilijua ni fundi wenu. Nilikuwa namwona kila mara akipanda paa. Nilimjua hata kabla hujasema."

"Sasa ulimpigia nini?"

"Wenzangu walikuwa wananiangalia. Na nondo nilikuwa nimeshaishika."

Serafina alihisi ngumi ikijikunja yenyewe mapajani. Kama pasingekuwa na wavu kati yao, angempiga, na angempiga sana. Vitus aliiona ngumi ile. Hakurudi nyuma. Alisogeza uso wake karibu na wavu, akangoja.

Serafina hakuondoka. Alibaki ameketi pale, ngumi bado imekunjwa, mpaka askari alipotangaza kuwa muda wa wageni umekwisha.