Wananchi na Mfugaji

Kila mwaka tukishavuna mahindi hapa Qurus, mfugaji mmoja kutoka upande wa Ngorongoro alileta ng'ombe wake kula mabua shambani kwangu. Yeye alipata malisho, mimi nikapata mbolea. Aliniita yeyo, kama anavyomwita mama yake mzazi, nami nilimzoea hadi nikawa namgombeza kwa kunichafulia ndoo.

Mwaka juzi nilikuta kipande changu cha maharage kimeliwa chote. Kabla sijajua la kufanya, vijana wa kijiji walishamkamata, wakampiga fimbo mpaka jicho la kushoto likapasuka. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Nani angenisikia? Ng'ombe wameingia shambani, Mmasai yupo karibu, kesi imekwisha.

Mimi nilikuwa nimekanyaga kinyesi cha ng'ombe pale kwenye maharage. Kilijaa pumba za mahindi. Ng'ombe wake hawajawahi kuonja pumba; wanaolishwa pumba ni wetu sisi, wa zizini. Nyayo nazo zilikwenda moja kwa moja hadi kwa jirani yangu, mzee wa kanisa, na mlango wa zizi lake ulikuwa umefungwa kwa kamba mpya. Mwandishi wa redio alipokuja nilimweleza yote hayo, nikamwonyesha na kinyesi. Akaziba pua.

"Asante sana mama, tumekupata," alisema.

Jioni niliweka redio mezani na mabakuli mawili. Likisemwa neno la kututetea sisi, natia haragwe huku. La kumtetea yeye, natia kule. Wananchi wamevamiwa: haragwe. Wananchi wamechoka: haragwe. Jirani yangu akalalamika kwa sauti ya kutia huruma: haragwe. Yeye alikuwa "mfugaji" tu, utadhani mfugaji si mwananchi. Kisha nikajisikia mwenyewe: "Maharage yangu yote yameliwa." Wakanikata hapo hapo. Bakuli lake lilibaki tupu, na sauti yangu nikaitia katika lile la wenzangu. Nililia kwa hasira.

Nilimfuata yule mfugaji hospitali. Alikuwa amefungwa bendeji, mama yake ameketi sakafuni kando ya kitanda. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na redio, kwa hiyo walikuwa wamesikia.

"Mama ameniuliza kama huyu ndiye yeyo ninayemsifia kila siku," aliniambia.

Nikamweleza kuhusu pumba, nyayo, kamba na jinsi walivyonikata. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nakuamini, yeyo. Lakini mabua yako, mwakani yachome moto tu."

Jicho halikupona, na hajarudi tena. Sikuyachoma. Siku hizi nikishavuna, jirani yangu anaingiza ng'ombe wake shambani kwangu mchana kweupe, bila kuniomba. Watu wanapita barabarani, wanawaona, wanamsalimia.