Mke wa Kwanza wa Baba

Nakumbuka siku tulipompandisha baba mlimani, huko Vuga, kumzika kwenye mahame yetu, boma tulilolihama tulipoingia kijiji cha Ujamaa. Mwanangu, niliogopa sana. Nilikuwa nimepewa kusoma historia ya marehemu, kwa kuwa Kiswahili changu cha shule kilisifiwa. Sifa nyingine ni mzigo.

Baba alikuwa na wake wawili kabla ya kubatizwa. Kanisa lilimtaka abaki na mmoja, akabaki na mama yangu. Mama Hoza, mke wa kwanza, akarudi kwao na mwanawe. Nyumbani hatukumtaja.

Baba mkubwa, mzee wa kanisa, aliniita pembeni.

"Mtaje mama yako tu. Mchungaji akisikia habari za yule mwingine, atafunga kitabu aondoke. Unataka baba yako azikwe bila sala?"

Sikutaka. Nikamwendea shangazi, aliyekuwa akimenya ndizi za wafiwa. Alinisikiliza, kisha akasema, "Hoza hakuokotwa msituni. Mficha maradhi kilio humuumbua. Na kilio ndicho hiki."

Kaburini nilimwona Mama Hoza amesimama nje ya ua na mwanawe, kama wapita njia. Nilisoma kuzaliwa, nikasoma ubatizo, na nilipofika kwenye ndoa nikatazama watu. Baba mkubwa alikuwa akinikazia macho. Lakini aliyenitisha kuliko wote alikuwa mama yangu, aliyekaa mkekani kichwa chini. Je, ningemvunjia heshima mbele ya watu, siku anapomzika mumewe?

Nikasema, "Alimwoa kwanza Mama Hoza, wakamzaa Hoza, kaka yangu."

Mchungaji akainua uso, kitabu mkononi. Nikasema moyoni, basi, nimemkosesha baba sala.

Mama akasogea mkekani, akapiga kwa kiganja mahali palipobaki wazi. "Dada," akaita kwa sauti kavu, "njoo ukae. Mtoto hajamaliza kusoma."

Mchungaji hakufunga kitabu.

Mwanangu, ukipewa kumsemea maiti, usimpunguze ili kuwaridhisha walio hai. Andika wote aliowapenda na wote aliowaacha. Utaogopa, nami niliogopa, na hakuna aliyenihakikishia kwamba yataisha salama. Mungu akupe kinywa kisichotetemeka, na kikitetemeka, akupe nguvu ya kusoma mpaka mwisho.