Tawi la Juu

Juzi nilikuwa nahama tena, nikaingia duka moja River Road kununua waya wa taa. Muuzaji akaumenya ncha, na ile harufu ya shaba ikanirudisha kwenye veranda yetu ya Uthiru.

Baba alikuwa na bonsai, mti wa Kijapani uliodumazwa ubaki mdogo ndani ya chungu bapa. Siku moja nilimshikia chungu, yeye akazungushia waya wa shaba tawi la chini lililodhoofika. Kisha akachukua mkasi, akaanza kukata vichipukizi vya kileleni, vyekundu na laini.

"Mbona unakata vile vizuri?"

"Vinakula chakula cha wenzao. Nikiviacha, matawi haya ya chini yatakauka."

Mama alisimama mlangoni, sare ya mdogo wangu mkononi.

"Mwambie basi, baba watoto. Usijifiche nyuma ya mti."

Baba hakuinua macho. "Utaenda kukaa kwa shangazi yako, usome shule ya huko. Mdogo wako anahitaji mwalimu wa jioni, na gharama za nyote wawili hatuziwezi."

"Lakini mimi ndiye wa kwanza darasani!"

"Ndiyo maana. Wewe utamea popote."

Likizo ilipofika nilirudi. Mdogo wangu alikuwa amehamia kitanda changu, kwa hiyo mama alinitandikia godoro sebuleni, pale wanapolala wageni. Baba akaleta chungu, akakizungusha polepole mbele yangu. Matawi yalikuwa yamelingana pande zote.

"Unaonaje?"

Nikamwambia mti umependeza. Ulikuwa umependeza kweli.