Vichwa Vitatu Safu ya Nyuma

Nianze kwa kukiri kosa: nilidhani binti yule hana la kusema. Kwa miaka kumi na tisa nimesahihisha mitihani yenye methali kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, nikawapa alama walioieleza vizuri, wala siku moja sikuiamini. Kwa hiyo, msemaji wetu hodari alipokaukiwa na sauti siku chache kabla ya kongamano la wanafunzi la kuigiza mikutano ya mataifa, nilimteua Chanuo kama mtu anavyoziba tundu la paa kwa gazeti: si kwamba lafaa, ila ndilo lililokuwa karibu.

Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hakuachana na chanuo, amelichomeka nyuma ya sikio kama penseli ya seremala. Alikuwa kidato cha tatu, binti pekee wa msusi mwenye saluni ya viti vitatu nyuma ya posta. Klabu yangu ya midahalo hukutana Jumamosi, na Jumamosi Chanuo huwa saluni. Huko alikuwa amefundwa desturi moja ya kazi: wateja wakiingia watatu kwa pamoja, msusi hamalizi mmoja ndipo amwite mwingine, bali humwanzia kila mmoja mistari miwili. “Kichwa kilichoanzwa hakihami,” mama yake hupenda kusema. Na kweli, nani atavuka barabara kwenda kwa msusi mwingine akiwa amesukwa robo?

Nilipokwenda kumwombea ruhusa, msusi hakusimamisha mikono.

“Mwalimu, Jumamosi ndiyo siku yangu. Huko mnakwenda kufanya nini?”

“Kuigiza mabalozi, mama. Watajadili maji ya mto.”

“Mto upi?”

“Wa kufikirika.”

Mteja aliyekuwa kitini aliangua kicheko, akapigwa kofi dogo la bega. “Tulia wewe, mstari utapinda!”

Hatimaye msusi alitoa masharti yake. Chanuo akirudi na cheti cha azimio lililopitishwa, Jumamosi zote hadi mtihani wa mwisho zitakuwa za klabu. Akirudi bila hicho, atarudi kwenye kiti chake, nami nisimfuate tena.

“Kuna pia cheti cha kushiriki,” nilijaribu.

“Hicho baki nacho, mwalimu. Hata viti vya ukumbini vitashiriki.”

Nilimtupia jicho Chanuo. Macho yake yalikuwa sakafuni, lakini kibanio alichokishika kilikatika vipande viwili. Ndipo nilipong'amua kwamba Jumamosi hizo alizitaka kuliko nilivyozitaka mimi.

Siku ya kongamano tulipewa nchi ndogo iliyo chini ya mto, na azimio letu liliomba nchi za juu zisizuie maji wakati wa kiangazi. Nilikuwa nimemwandikia hotuba ya kurasa tatu ambayo, nikiwa mkweli, niliiandika kwa ajili ya balozi ambaye mimi mwenyewe sikupata kuwa. Zamu yake ilipofika, alisimama, akainua kibao chenye jina la nchi, akasema, “Ndugu Mwenyekiti, nchi yangu ina kiu. Ahsante.” Akaketi. Nilijifunika uso kwa ratiba.

Wajumbe walikuwa ishirini na mmoja. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimewahesabu mara nne: tisa upande wetu, kumi na wawili upande wa nchi za juu. Jumamosi zetu zilikuwa zinakwenda na maji, tena ya mto usiokuwepo.

Wakati wa mapumziko, mjumbe wa nchi kubwa kuliko zote, msichana wa shule yenye makoti ya nembo, alitikisa kichwa kwa dharau hata mkia mmoja wa nywele ukamchomoka ukaanguka kwenye sahani yake. Kabla hajalia, Chanuo alikuwa nyuma yake.

“Njoo, dada. Nitakurudishia.”

Wenzake wawili wa nchi za juu walisogea kutazama.

“Na mimi huku mbele kumelegea!”

“Na mimi je? Mheshimiwa, usinisahau!”

Mkoba niliodhani umebeba hotuba yangu ulifunguliwa: ndani mlikuwa na mafungu manne ya nywele za bandia. Chanuo aliwafumua wote watatu, akamwanzia kila mmoja mistari miwili. Kengele ikalia.

Mwenyekiti, kijana mwenye tai iliyomfika magotini, alipoona vichwa vile aligonga meza.

“Kanuni ya sita yataka wajumbe wawe nadhifu!”

“Hoja ya utaratibu!” alidakia mmoja wa wale watatu. “Tunaelekea kwenye unadhifu. Tumefika nusu njia.”

Ukumbi ulivunjika mbavu. Baada ya mashauriano ya dakika kumi na mbili, iliamuliwa kwamba waketi safu ya nyuma, wamaliziwe huko bila kelele. Hivyo ndivyo mjumbe wetu alivyoendelea na mkutano: ameketi juu ya meza, nchi kubwa iko chini kwenye kiti, kidevu kifuani, nchi ya pili imeshikishwa mafungu ya nywele kwa mikono yote miwili, ya tatu inangoja zamu.

“Nyinyi mna shida gani na maji?” nilimsikia wa tatu akinong'ona.

“Umepakwa povu kichwani, mara bomba linakauka,” alijibu Chanuo. “Na aliyelifunga yuko ghorofa ya juu, anaoga. Utamwambia nini?”

Wanaounga mkono walipoitwa, yule msichana wa tatu aliinua kibao chake.

“Wanaopinga!”

Bega la nchi kubwa lilianza kunyanyuka.

“Tulia wewe, mstari utapinda!”

Bega lilishuka. Nchi ya pili ilitazama mikono yake iliyojaa nywele, ikatazama kibao mezani, ikaguna. Kumi dhidi ya tisa, wawili hawakupiga kura.

“Ulipanga yote haya?” nilimuuliza tukiwa njiani.

Alinishangaa. “Mwalimu, mstari ulikuwa unapinda kweli.”

Katika taarifa kwa mkuu wa shule niliandika “mkakati wa hali ya juu”. Mpaka leo sijui kama nilidanganya.

Msusi alikisoma cheti mara mbili, akakibandika kwenye kioo cha katikati. “Haya, neno ni neno. Jumamosi zenu.” Chanuo alimrukia mama yake shingoni. Mimi nilitembea hadi nyumbani kifua mbele, nikijihesabu miongoni mwa washindi.

Mwezi mmoja baadaye, Jumamosi jioni baada ya klabu, nilirudi kuomba ruhusa ya kongamano la pili. Msusi hakuwepo. Kwenye kiti cha Chanuo alikuwa akisuka mama mmoja wa makamo, akajitambulisha kuwa mdogo wake msusi. Kwa kupitisha muda nilimuuliza alianza lini kazi pale.

“Mimi? Niliitwa Ijumaa ile, mwalimu, siku moja kabla ya mkutano wenu wa mto. Dada alinipigia simu akasema nishike kiti cha mtoto kila Jumamosi, mpaka amalize mtihani.”