Mota Zilizofungwa kwa Katani

Katika shamba la mkonge nilikokuwa karani wa karakana, kati ya Voi na Mwatate, kila kilichoweza kufungwa kilifungwa kwa katani. Milango ya stoo ilifungwa kwa katani, mafaili ya ofisi kwa katani, na mbwa wa meneja wetu Mzungu, mnyama ambaye bwana wake alituambia ana ukoo mrefu kuliko wetu sote, alitembezwa kwa kamba ya katani. Mgeni akija, meneja alimpokea juu ya zulia la katani na kumwuliza kama kuna kitu duniani kinachoishinda katani. Mgeni alikuwa anakunywa chai ya mwenyeji, kwa hiyo alisema hakuna.

Sikushangaa sana, basi, kwa yaliyotokea siku meneja alipoingia karakana akamkuta fundi wetu akifunga koili za mota kwa utepe wa pamba.

Fundi huyo alikuwa Mdawida, yaani Mtaita wa milimani, aliyejifunza kusuka mota jeshini wakati wa vita. Mota ikiungua, aling'oa waya wote wa zamani, akasuka mpya wa shaba koili kwa koili, akazipanga ndani ya mifereji ya chuma, kisha akavifunga vichwa vyake kwa utepe ili visitikisike. Mwisho aliimwagia vanishi na kuikausha katika tanuri. Ilikuwa kazi ya siku nne au tano, na hakupenda kusemeshwa akiwa ndani yake.

"Hii kitu natoka wapi?" meneja aliuliza, ameuinua utepe kwa vidole viwili.

"Mombasa, bwana. Inaletwa na treni mpaka Voi."

"Mombasa! Mimi nakaa katikati ya katani, wewe naleta pamba ya Mombasa?"

"Katani inakunywa maji, bwana."

"Katani nafunga meli, fundi. Meli nakaa wapi? Nakaa juu ya mlima?"

Nyapara wa mashine akacheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa na kazi nyingi kwenye karatasi, lakini ile niliyomwona akiifanya kila siku bila kukosa ni kucheka meneja anapomaliza kusema. Tangu siku hiyo utepe wa pamba ukapigwa marufuku, na mota zetu zikafungwa kwa kamba nyembamba ya katani ya hapo hapo shambani.

Nilikuwa na daftari ambalo hakuna aliyeniagiza kuliandika. Niliandika kila mota iliyosukwa upya: ilikwenda kwenye mashine gani, ilidumu siku ngapi, ilirudi ikiwa na hali gani. Kabla ya amri ile mota ilikwenda miaka. Baada yake, ile ya kwanza ya mashine ya kukamua mkonge ilidumu wiki tatu. Ya pili haikufikisha hizo. Lakini mbili zilizopelekwa kwenye banda la kufungia marobota, ambako ni vumbi tupu, zilinguruma tu kana kwamba hazijasikia lolote.

Mota ya nne ya mashine hiyo ya kukamua iliporudi, fundi aliniita. Alikuwa ameifungua, ameinama ameingiza pua ndani, maana yeye alianza kunusa kabla ya kutazama.

"Andika, karani. Kama mzigo ungezidi, koili zote zingekuwa nyeusi sawasawa. Kama fyuzi moja ingekatika, zingeungua kwa mafungu, nyingine zikabaki. Sasa tazama hii."

Nikatazama. Koili zilikuwa nyekundu kama mpya, isipokuwa doa jeusi moja, dogo kama sarafu, upande wa chini. Doa lilikuwa chini ya fundo la kamba. Pembeni yake shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani.

"Na ile ya tatu?" aliuliza.

Nikafungua daftari. Upande wa chini, penye fundo. Ya pili vilevile.

Mashine ya kukamua inamwagiwa maji kutwa, na maji yale yakichanganyika na utomvu wa mkonge huwasha ngozi na kula chuma. Kamba ilikuwa ikiyanyonya kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta, ikiyapeleka pole pole ndani ya fundo mpaka kwenye shaba. Fundi hakuwa na shaka. Nilimwambia tumpelekee meneja daftari.

"Mpelekee wewe," alisema. "Mimi sijaona mtu anayesoma daftari linalomtukana."

Nilimpelekea, nikamweleza kwamba fundi anasema katani yenye maji inapitisha umeme, lakini meneja alikuwa na uchunguzi wake. Kamba ilikuwa bora, mashine ilikuwa bora, kwa hiyo kilichobaki ni fundi. Jumatano akaniamuru nitayarishe barua ya kumfukuza, iliyosema ameharibu mitambo kwa makusudi. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Mtu mwenye barua ya namna hiyo mfukoni hangevuka Mraru, hapo jirani tu, kabla ya kuwekwa chini na kuulizwa maswali, na wengine walioulizwa hawakurudi upesi. Fundi alikuwa na mke na watoto wanne katika chumba kimoja cha laini za wafanyakazi. Ijumaa walitakiwa wawe wametoka.

Alhamisi alikuja mgeni, mnunuzi wa katani. Meneja alimleta karakana, mgeni akiwa na kikombe chake cha chai mkononi, ili amwonyeshe, kama tamasha, mtu aliyesema katani inapitisha umeme.

"Leta mega," meneja alisema.

Mega ni kisanduku chenye mkono wa kuzungusha, nyaya mbili na sindano. Ukizungusha kinatoa umeme wa kupimia. Hauui, ila ukikupata hutausahau. Meneja alinipa mimi kazi ya kuzungusha. Waya mmoja ukafungwa kwenye ncha ya kamba ya katani, na yeye akashika ncha ya pili kwa mkono wa kushoto, na waya wa pili kwa mkono wa kulia.

"Zungusha!"

Nikazungusha. Sindano haikusogea.

"Naona?" alimwambia mgeni. Nyapara akacheka.

"Ni kavu, bwana," fundi alisema. "Mashine si kavu."

Akaichovya kamba katika ndoo ya maji ya mashine, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu yote. Meneja angeweza kukataa. Lakini mgeni alikuwa anamtazama, na mtu aliyeuliza maisha yake yote kama kuna kitu kinachoishinda katani hawezi kuiogopa hadharani.

"Hakuna kitu," alisema. "Karani, zungusha."

Nakiri kwamba nilizungusha kwa bidii zaidi kuliko kipimo kilivyohitaji.

Meneja aliruka. Alitoa sauti ambayo mbwa wake, huko nje, aliitambua na kuijibu. Kofia ilikwenda upande mmoja, kamba upande mwingine. Na nyapara, kwa kuwa meneja alikuwa amemaliza kusema, akacheka.

Alicheka peke yake, kwa muda mrefu, mpaka akaona sisi wengine tunatazama sakafu.

"Kumbe inakunywa maji," mgeni alisema, akaweka kikombe chake juu ya benchi.

Saa tisa meneja alikuja mezani kwangu, akaichukua barua ya fundi, akaichana vipande. Kisha akanisomea tangazo niliandike: meneja amegundua, baada ya majaribio yaliyofanywa na yeye mwenyewe, kwamba kamba ya katani haifai kwa mota za mahali penye maji. Fundi alitakiwa kutia sahihi chini, kwamba ameelezwa na ameelewa.

Aliyeadhibiwa ni nyapara tu. Alipelekwa shamba la mbali kuhesabu majani ya mkonge, kazi isiyo na mtu wa kumchekea.

Fundi alilisoma tangazo mara mbili, akatia sahihi, akauliza utepe utafika lini Voi. Kisha akatafuta kipande cha kamba ya katani, akakipitisha kwenye tundu alilotoboa katika tangazo lile, akalitundika nacho ukutani, juu ya tanuri.

"Hapo pakavu," alisema. "Itadumu."

Akarudi kwenye mota ya nne, akaanza kung'oa waya.