Mkebe wa Chai Kwenye Dari ya Mama

Mimi ni mtu wa kutia chumvi, na sioni haya kusema hivyo. Mvua ikinyesha Nyamira, nikifika Kisii mjini huwa imeshabeba ng'ombe wawili na paa la kanisa. Nilipomaliza kidato cha nne katika shule ya jioni, nikiwa na miaka thelathini na minne na kitambi changu, niliwaambia watu kwamba mwalimu wa hesabu alilia siku tatu kwa uchungu wa kuniaga. Walicheka. Watu wakishakuzoea kwa kicheko hawakudai ukweli tena. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililonimaliza.

Ilianza kwa mama kupapatika moyo. Tulikuwa tunachuma chai, vikapu mgongoni, akasimama katikati ya mistari na kuweka kiganja kifuani.

"Kuna kifaranga humu ndani," alisema. "Amefunikwa na kikapu, naye anataka kutoka."

"Akitoka tumle na ugali, mama."

Akacheka, akanirushia jani. Nami nikaendelea kuchuma. Kwa miezi mingi baadaye nilikuwa najisifu kwamba nilimchekesha.

Kifaranga hakutulia, na sababu zikaanza kuletwa nyumbani kama zawadi za mgonjwa. Mke wa kaka yangu alisema damu imepungua, akamchumia chinsaga, ile mboga yetu chungu, na mama akaila asubuhi na jioni mpaka mbuzi wakawa wanamtazama kwa wivu. Muuza dawa wa Mosocho alimsikiliza kwa muda wa kupiga chafya moja, akasema, "Hiyo ni gesi, mama. Gesi ikipanda inasukuma moyo," akampa chupa ya dawa nyeupe ambayo ingetosha kupaka chokaa ukuta wa shule. Jirani alisema ni jicho la mtu. Mimi, msomi wa ukoo, nilisema ni uzee. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu, na hakuna aliyekuwa na siku moja ya kumpeleka hospitali.

Na mwili wake ulikuwa unatupigia kelele. Alikuwa anakula kama watu watatu na nguo zinazidi kumpwaya. Alitoka jasho katika baridi ya Julai, ile ya kufanya hata vyura wa Nyamira watafute sweta. Mikono ilitetemeka. Shingo yake ilikuwa imejaa kwa mbele, naye akaizoesha kitambaa cha kichwa, alichokishusha na kukifunga chini ya kidevu. Tulidhani anaona baridi. Mtu anayetoka jasho, tukadhani anaona baridi!

Sasa lazima niseme habari ya chai. Sisi ni watu wa Sabato. Tunaipanda chai, tunaipalilia, tunaichuma na kuibeba hadi kituoni, lori linaipeleka kiwandani upande wa Itumbe, na dunia nzima inainywa. Sisi hatuinywi. Kanisani kwetu, kunywa chai ni kuuchafua mwili ambao ni hekalu. Mama alikuwa amechuma chai miaka arobaini na hajawahi kuionja.

Mimi niliionja. Nilikuwa natoka kazini kwenye kituo cha kupimia majani, napitia jikoni kwa mama, nakunywa vikombe viwili vyeusi kama lami, kisha ndiyo naenda darasani. Bila hivyo aljebra ingenizika mzima mzima. Majani niliyaweka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, na mkebe nikauficha kwenye dari ya jikoni, nyuma ya mahindi ya mbegu. Mama alijua. Hakunigombeza hata mara moja. Alisema tu, "Usiache rangi kwenye sufuria yangu."

Jumapili moja mzee wa kanisa alikuja na akina mama wanne kumwona mgonjwa na kumpikia. Nami nilikuwapo, nimevaa shati safi kabisa, maana nilikuwa nangoja barua ya mzee huyo. Shule moja ya kanisa upande wa Sironga ilitaka karani mwenye cheti na sifa njema. Cheti nilikuwa nacho, sifa ilikuwa kalamuni mwake.

Mama alipokea kikombe cha uji kwa mikono miwili, na uji ukamwagika. Mzee akaitazama ile mikono.

"Omong'ina," akasema, kwa heshima ya kumwita mwanamke mzima, "mikono ya namna hii nimeiona. Moyo wa kukimbia na mikono ya kutetemeka. Ni ya watu wa kikombe."

"Kikombe gani, mzee?"

Kabla hajajibu, dada mmoja aliyekuwa akishusha kuni darini aligusa mahindi, na mkebe ukaanguka. Ukafunguka. Majani makavu yakatapakaa mpaka kwenye viatu vya mzee wa kanisa. Harufu ikajaa jikoni, harufu nzuri, Mungu anisamehe.

Wote walikuwa wanaangalia chini, halafu wakaanza kuangaliana. Ndipo nikafungua mdomo wangu huu.

"Hiyo ni ya panya," nikasema. "Panya wa boma hili wamesoma kunishinda. Bila chai hawalali."

Akina mama wakacheka. Hata mzee alijikohoza. Kisha kicheko kikaisha na macho yote yakaenda kwa mama, maana baada ya panya hakukuwa na mtu mwingine wa kutazamwa. Mama aliniangalia. Hakuangalia shati langu wala uso wangu. Aliangalia mikono yangu, ambayo ilikuwa imetulia kabisa.

"Ni yangu," akasema.

"Kwa muda gani, dada?"

"Mzee, ulitaka kujua ni ya nani, nimekujibu."

Barua yangu iliandikwa wiki hiyo hiyo. Mama akatolewa katika ushirika. Siku ya kuoshana miguu, ambayo huja mara moja kila robo ya mwaka, wanawake wenzake walifungana taulo viunoni na kuinamiana kwenye mabeseni, naye alikaa benchi la nyuma na viatu vyake miguuni. Robo ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Lakini ubaya wa mkebe ule haukuishia kwenye benchi. Ubaya ni kwamba sababu ilikuwa imepatikana. Chinsaga ikakoma, dawa nyeupe ikakoma, hata jirani akaacha habari za jicho. Kila aliyeuliza aliambiwa, "Ni chai. Akiiacha, moyo utatulia." Basi mama akaacha chai ambayo hajawahi kuinywa, na hakuna mtu duniani aliyewahi kuacha kitu kwa ukamilifu kama ule. Moyo haukutulia. Watu wakatikisa vichwa: bado anakunywa kwa siri. Ungeponaje hapo?

Na mimi, karani wa Sironga, nikaendelea kunywa yangu ofisini, mlango nimefunga.

Alianguka asubuhi kati ya mistari ya chai. Nilipofika, mdomo ulikuwa umeenda upande, na mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya majani kama wa mtu mwingine. Tukamkimbiza hospitali Kisii. Daktari alikuwa msichana, ningeweza kumzaa. Jambo la kwanza alilofanya, kabla ya kipimo chochote, ni kufungua kile kitambaa.

"Rovu hili la shingoni lina muda gani?"

Tukaangaliana, mimi na kaka. Rovu gani?

Akatueleza polepole, kama mwalimu wangu wa jioni. Ndani ya shingo kuna tezi. Yake ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, inauchapa moyo kama punda wa soko, ndiyo sababu ya jasho, kukonda na kutetemeka. Moyo ukipapatika bila mpangilio kwa muda mrefu, damu inaweza kuganda humo, na donge likapanda kichwani. Kuna dawa zake. Angezianza mapema, huenda tusingekuwa pale.

"Na chai, daktari?" nikauliza.

"Chai inaweza kumpapatisha mtu moyo. Hata kukosa usingizi, hata hofu, homa, damu kidogo, hata dawa nyingine za mafua. Ndiyo maana mtu hupimwa, hakisiwi. Mama anakunywa chai?"

"Hapana," nikasema. Lilikuwa jibu sahihi, na lilikuwa limechelewa mwaka mzima.

Mama yu hai. Anameza dawa zake, shingo imepungua, kifaranga ametulia siku nyingi. Maneno ndiyo hayajarudi. Ana sauti moja tu, nayo huitumia kwa kila kitu.

Robo iliyofuata nilimpeleka kanisani, nikasimama mbele kabla ya mabeseni kuletwa. Nikasema wazi: mkebe ulikuwa wangu, chai nilikunywa mimi, mama hajawahi kuionja, na nilinyamaza kwa ajili ya barua. Sikutia chumvi hata chembe. Ilikuwa mara ya kwanza.

Mtu wa nyuma akaanza kucheka. Wengine wakafuata, kwa upendo.

"Huyu naye!" mwanamke mmoja akasema. "Sasa hata dhambi anazikuza."

Mzee wa kanisa alinishika bega, machozi yakimlengalenga. "Mmemwona mwana mwema? Anataka kubeba kosa la mama yake. Ndugu, mama ameteseka vya kutosha. Tumekwisha kumsamehe."

Walimsamehe. Walimletea beseni la maji ya vuguvugu, dada yule yule aliyeangusha mkebe akapiga magoti na kumvua viatu. Mama alinitafuta kwa macho, akatoa ile sauti yake moja, ndefu. Watu wakaitikia, "Amina."